Intaneti ikizorota nyumbani, tupime kabla ya kulaumiana



Kwa muda wa majuma matatu nyumbani kwetu kulikuwa na ugomvi usio na kelele, na chanzo chake kilikuwa intaneti. Tunaileta habari hiyo katika safu ya wiki hii kwa sababu mbili. Kwanza, tunaamini kuwa haitokei kwetu peke yetu. Pili, katika ugomvi huo aliyedhulumiwa alikuwa mtoto wetu, na waliomdhulumu tulikuwa sisi.

Binti yetu, mwenye umri wa miaka 11, husoma Qur'ani kwa njia ya simu kwa ustadhi aliyeko Unguja. Darasa lao huwa saa mbili na nusu usiku, baada ya Isha, mara nne kwa wiki. Mambo yalikwenda vizuri tangu mwanzo wa mwaka, lakini ilipoingia Mfunguo Mosi sauti ikaanza kukatika. Wenye kuijua tajwidi wataelewa uzito wa jambo hili. Ipo madda inayovutwa kwa harakati mbili, ipo ya nne, ipo ya sita. Sauti inapokatika katikati ya neno, mwalimu hawezi kujua kama ni mtoto aliyeifupisha madda au ni mtandao ulioimeza. Baada ya siku kadhaa za kurudia aya moja ile ile, ustadhi alituandikia kwa upole kwamba pengine ingefaa darasa lisimame hadi likizo ya shule, binti aende Unguja akasome ana kwa ana. Mtoto alipopewa habari hiyo alilia, akidhani kwamba amefukuzwa.

Hatua yetu ya kwanza ilikuwa kumlaumu mtoa huduma. Tulikuwa na kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde. Tukapanda hadi 20, na malipo ya mwezi yakapanda pamoja nacho. Hali haikubadilika. Hatua ya pili ndiyo iliyokuwa mbaya. Tunaye kijana wa kidato cha sita ambaye usiku hujifungia chumbani na simu yake. Tukaamua kwamba mharibifu ni yeye, kwamba anatazama filamu huku mdogo wake akikosa darasa. Hatukumuuliza, bali tulimwambia. Alijibu maneno machache tu: "Baba, mimi napakua mitihani ya miaka ya nyuma." Hatukumsadiki. Usiku ule ule tulibadilisha neno la siri la Wi-Fi, tukawapa watu wote wa nyumbani isipokuwa yeye.

Kuanzia siku iliyofuata kijana akawa anakwenda kusomea kwa rafiki yake mtaa wa pili, na kurejea saa nne usiku. Mama yake hakusema neno, ila alikuwa halali mpaka asikie mlango. Na sauti ya darasa iliendelea kukatika kama ilivyokuwa. Jambo hilo peke yake lilipaswa kutufungua macho, kwani mtuhumiwa alikwisha kutolewa na kosa likawa linaendelea. Lakini mtu aliyekwisha kuhukumu huwa mgumu kuirejea hukumu yake.

Ijumaa moja alikuja shemeji yetu, mdogo wake mama watoto, ambaye kazi yake ni kufunga mitambo ya kompyuta maofisini. Baada ya chakula cha mchana tulimweleza malalamiko yetu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Shemeji, mmepima?"

"Tupime nini?"

"Kasi. Naona mnalaumu kitu ambacho hamjakipima."

Kupima kwanza

Zipo tovuti na programu nyingi za kupima kasi ya intaneti, na hazilipiwi. Mtu hufungua, akabonyeza mahali pa kuanzia, na baada ya nusu dakika hivi hupata namba tatu. Ya kwanza ni kasi ya kupakua, yaani ya vitu vinavyoingia katika simu. Ya pili ni kasi ya kupakia, yaani ya vitu vinavyotoka katika simu kwenda nje. Ya tatu ni muda wa kusubiri, unaohesabiwa kwa milisekunde, nao ukiwa mrefu mazungumzo hukwama hata kama kasi ni nzuri. Wenye kutumia bando lenye kikomo wakumbuke kwamba kipimo chenyewe hula data, hivyo wasipime ovyo.

Shemeji alitufundisha kupima mara tatu. Kwanza, hatua mbili kutoka ilipo ruta, simu nyingine zote zikiwa zimezimwa Wi-Fi. Pili, mahali penye matatizo, kwa simu ile ile. Tatu, mahali hapo hapo lakini wakati wa usiku, watu wote wakiwa nyumbani na kila mmoja na lake. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo inayoonesha ugonjwa ulipo. Karibu na ruta kukiwa na kasi ndogo huku hakuna mwingine anayetumia, tatizo liko kwa mtoa huduma au katika ruta yenyewe. Karibu na ruta kukiwa kuzuri na chumbani kukiwa kubaya, tatizo ni mawimbi kutofika. Mchana kukiwa kuzuri na usiku kukiwa kubaya, ama watu wa nyumbani wanagombania njia moja, ama mtaa mzima umeingia mtandaoni kwa pamoja. Na ikiwa simu moja tu ndiyo inayosumbua huku nyingine ziko salama mahali pale pale, basi mgonjwa ni simu hiyo.

Karibu na ruta tulipata megabiti 19. Chumbani kwa binti tulipata 2. Kifurushi tulichokuwa tukikilipia kilikuwa kinafika nyumbani. Kilichoshindikana ni kufika chumbani.

Hapa tuseme neno moja kuhusu namba hizi, kwa kuwa huwachanganya wengi. Kifurushi huhesabiwa kwa megabiti, lakini mafaili katika simu huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo megabiti 20 kwa sekunde ni sawa na megabaiti 2.5 kwa sekunde. Faili la megabaiti 100 litachukua takriban sekunde 40 hata mambo yote yakiwa sawa. Asiyeijua hesabu hii anaweza kudhani amepunjwa na kumbe hakupunjwa.

Mahali pa ruta

Kabla ya Idi tulipaka rangi sebule. Ruta ilishushwa kutoka ukutani, na baada ya rangi kukauka haikurudishwa. Ikawekwa katika kabati la vyombo, sehemu ya chini, nyuma ya sinia mbili za aluminiamu, na mama watoto akaifunika kitambaa cha kushona ili isiingie vumbi. Pembeni mwake kuna jokofu. Kati yake na chumba cha binti kuna ukuta wa matofali ya saruji, kisha bafu lenye pipa la maji la lita 200, kisha ukuta mwingine.

Mawimbi ya Wi-Fi ni mawimbi ya redio, na yana tabia zake. Bati na chuma huyarudisha yalikotoka. Sinia, jokofu, mlango wa chuma na kioo kikubwa cha kujitazamia, ambacho mgongo wake hupakwa madini, vyote huwa kizuizi. Maji huyanyonya, kwa hiyo pipa, tangi au hodhi la samaki si jirani mwema wa ruta. Ukuta wa matofali huyapunguza, na nguzo ya zege yenye nondo huyapunguza zaidi. Wenzetu wanaoishi Mji Mkongwe, Zanzibar, wanazo kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita au zaidi; huko ruta moja haitoshi kwa nyumba nzima hata iwe ya bei kubwa namna gani. Wazee wetu wasingeweka kandili ndani ya kabati wakatarajia imulike ukumbi, nasi tulikuwa tumefanya jambo hilo hilo kwa mwanga usioonekana.

Kilichotakiwa kilikuwa kazi ya robo saa. Ruta ilirudishwa ukutani, juu ya usawa wa kifua, karibu na ukumbi unaogawa vyumba, antena zake zikiwa wima, bila kitambaa. Ruta hutoa joto, na ikifunikwa joto hilo hubaki humo humo. Ikichemka huzubaa au hujizima yenyewe. Vumbi hufutwa kwa kitambaa kikavu, na hiyo inatosha. Aliye na oveni ya maikrowevu asiiweke ruta karibu nayo, maana oveni hiyo hufanya kazi kwa masafa yale yale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi, na inapowaka hufanya fujo.

Tulipopima tena chumbani tulipata megabiti 11, bila kulipa hata shilingi.

Mambo hutofautiana kidogo kwa wanaotumia ruta ya laini ya simu. Hiyo ina kazi mbili, yaani kupokea kutoka mnarani na kugawa nyumbani. Kwa kawaida hupokea vizuri zaidi dirishani, upande uliko mnara, au ghorofa ya juu ikiwepo. Hapo ni kujaribu madirisha mawili matatu, kupima kila mahali, na kuchagua penye namba nzuri.

Penye chumba cha mbali kisichofikika kabisa, dawa nzuri ni kuvuta waya wa mtandao hadi kwenye ruta ya pili huko. Wengi hununua kifaa cha kurudufu mawimbi, kisha hukiweka ndani ya chumba kile kile kisichopata mawimbi, wakashangaa hakifanyi kazi. Kifaa hicho hakitengenezi mawimbi, bali hurudia kile kinachokipokea. Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo mawimbi ya ruta bado yana nguvu, na hata hapo mara nyingi kasi hupungua.

Njia mbili za mawimbi

Ruta nyingi za sasa hutoa njia mbili. Moja ni ya gigahezi 2.4, nayo hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na imesongamana. Nyingine ni ya gigahezi 5, nayo ina kasi kubwa lakini huchoka mapema inapokutana na ukuta. Aliyeko sebuleni karibu na ruta ajiunge na ya pili. Aliyeko chumba cha mbali ajiunge na ya kwanza. Mara nyingi jina la njia ya pili huandikwa likiishia na "5G". Baadhi ya jamaa zetu huikwepa wakidhani ni ule mtandao wa simu wa kizazi cha tano unaozungumzwa sana. Si huo. Ni gigahezi 5 tu, na haihusiani na mnara wowote.

Msongamano wa njia ya 2.4 ni jambo la mitaa yetu hasa, ambako nyumba zimebanana na kila moja ina ruta. Njia hiyo imegawanywa katika chaneli, lakini ni tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Jirani wa kulia akiwa chaneli ya 6, na wa kushoto akiwa ya 6, nasi tukiwa ya 6, sote hungojeana zamu. Ruta nyingi huchagua chaneli zenyewe zinapowashwa, kwa hiyo kuizima kwa nusu dakika na kuiwasha tena huweza kuipa nafasi ya kuchagua iliyo tupu.

Simu yenyewe

Binti hutumia simu ya zamani ya mama yake. Tuliichunguza nayo, na tunayaorodhesha tuliyoyafanya kwa kuwa yanawezekana kwa yeyote.

Tuliizima na kuiwasha, kwani ilikuwa haijazimwa kwa miezi. Tuliingia katika mipangilio ya Wi-Fi, tukaisahaulisha mtandao wetu na kuuunganisha upya. Tulitoa hali ya kuokoa betri, ambayo katika simu nyingi hubana kazi za mtandao. Tulikuta programu ya VPN ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliiweka. Hiyo huzungusha mawasiliano kupitia nchi nyingine kabla ya kufika yanakokwenda, tukaiondoa. Nafasi ya kuhifadhia ilikuwa imejaa picha na video za makundi ya WhatsApp, na simu iliyojaa huwa nzito kwa kila jambo, tukafuta. Tulizuia makundi hayo yasipakue video yenyewe. Tukavua pia kava lenye bati la sumaku nyuma yake.

Ipo hatua kubwa zaidi ya kurejesha mipangilio ya mtandao katika hali ya mwanzo. Haifuti picha wala majina, lakini hufuta maneno ya siri yote ya Wi-Fi na viunganishi vya Bluetooth, kwa hiyo mtu aandike kwanza neno la siri la nyumbani. Sisi hatukuihitaji.

Na simu ikiwa ni ya zamani sana, huenda haiwezi kupokea njia ya gigahezi 5 kabisa. Hilo si kosa la mtu, na wala si lazima kununua nyingine. Simu ya video ya kawaida hutosheka na takriban megabiti 1 kwa sekunde kwenda na nyingine kurudi, ilimradi ziwe za uhakika.

Mzigo unaopanda

Usiku ule tulikaa kusikiliza darasa tukiwa na matumaini makubwa. Sauti ya ustadhi iliingia safi kama aliyekaa nasi. Binti akaanza kusoma, na baada ya aya moja ustadhi akasema, "Mwanangu, bado sikusikii vizuri."

Tulikata tamaa, lakini shemeji aliinua kichwa. Kama mtoto anamsikia mwalimu na mwalimu hamsikii mtoto, alisema, basi njia inayoingia ni nzima na njia inayotoka ndiyo imeziba. Alipima pale pale. Kupakua, megabiti 11. Kupakia, 0.2.

Sisi sote huangalia namba ya kwanza na kuisahau ya pili. Lakini sauti ya mtoto wetu ni kitu kinachotoka, na vifurushi vingi vya nyumbani hutoa njia nyembamba ya kutoka kuliko ya kuingia. Ikizibwa na mzigo mkubwa, hata kuingia huchelewa, kwa sababu kila kinachopokelewa lazima kirudishiwe stakabadhi ndogo ya mapokezi, na stakabadhi hizo hukwama nyuma ya mzigo.

Namna ya kumtafuta mwenye mzigo ni rahisi. Chini ya ruta huandikwa anuani, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, mtu akiifungua kwa simu iliyounganishwa, akaingia kwa neno la siri la ruta, huona orodha ya vifaa vyote vilivyomo. Ruta yetu huonesha majina tu, haioneshi nani anatumia kiasi gani. Kwa hiyo shemeji aliamuru tuzime Wi-Fi simu moja moja, naye anapima. Ikazimwa ya mama watoto, namba ikabaki 0.2. Ikazimwa ya bibi, ikabaki pale pale. Simu ya kijana haikuwamo katika orodha. Kijana mwenyewe alikuwa mtaa wa pili, kwa rafiki yake.

Ikabaki simu yetu sisi, iliyokuwa mezani ikichajiwa. Tulipoizima Wi-Fi, namba ilipanda kutoka 0.2 hadi 5.

Tuseme kilichotokea. Baada ya Idi mpwa wetu alioa huko Tanga. Tulirekodi harusi yote kwa simu, tangu nikahi hadi walima, vipande zaidi ya 100 vya video. Simu yetu ina programu ya kuhifadhi picha mtandaoni, ambayo tuliiruhusu wenyewe ifanye kazi kila simu inapochajiwa ikiwa kwenye Wi-Fi. Sisi hurudi kazini Magharibi, tukachomeka simu, na programu ikaanza kupandisha harusi ile. Binti akifungua darasa lake saa mbili na nusu, anakuta njia imejaa. Sisi wenyewe tukienda kulala tulikuwa tunachomoa chaja, kazi inasimama, na kesho yake inaendelea ilipoishia. Ilikuwa hivyo kwa majuma matatu.

Shemeji alisema kwa sauti ndogo, "Mwenye kosa tumempata." Hakuna aliyecheka.

Jirani na neno la siri

Kabla ya kufunga mlango wa mambo ya ndani, lipo la majirani. Neno la siri likikaa muda mrefu husambaa, maana mgeni hupewa, mtoto akampa mwenzake, mwenzake akampa kaka yake. Ni vyema kulibadilisha kila baada ya muda, kuhakikisha ulinzi wa ruta umewekwa katika WPA2 au WPA3, na kubadilisha pia lile neno la siri la kuingilia katika ruta yenyewe, ambalo wengi huliacha kama lilivyotoka kiwandani. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni unaojitegemea, nao unatosha kwa wanaopita.

Wanaoshiriki ruta moja katika nyumba ya kupanga wakubaliane wazi juu ya malipo na juu ya saa za kazi nzito. Na tuwaulize watoto wetu pia. Ikiwa simu zao zimeunganishwa na ruta ya jirani ambaye hakuwapa ruhusa, hiyo ni mali ya mtu anayoilipia, na haki yake haipungui kwa kuwa haionekani kwa macho.

Pale kosa linapokuwa nje ya nyumba

Hatusemi kwamba mtoa huduma hana makosa kamwe. Vipo vifurushi ambavyo kasi hupunguzwa baada ya kutumia kiasi fulani, na masharti hayo huwa yameandikwa katika mkataba kwa herufi ndogo. Ipo mitaa ambayo kila usiku hulemewa. Na yapo yaliyo makubwa kuliko sote. Intaneti ya nchi zetu hupita kwa sehemu kubwa katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Seacom ilianza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu siku moja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku zile kuhamisha ruta kusingemsaidia mtu.

Lakini hata kulalamika kunahitaji kipimo. Anayempigia mtoa huduma na kusema tu kwamba "mtandao wenu mbovu" huambiwa azime na kuwasha. Anayesema kwamba kwa siku tano mfululizo, saa mbili usiku, hatua mbili kutoka kwenye ruta, simu moja tu ikitumika, amepata megabiti 3 katika kifurushi cha 20, huyo ana hoja, na ni vigumu zaidi kumpuuza.

Tulichobaki nacho

Usiku ule kijana wetu alirudi saa nne kama kawaida. Tulimngoja barazani. Tukamweleza kila kitu, tukamwomba radhi mbele ya mama yake na mjomba wake, kwa kuwa tulimtuhumu mbele yao wote wa nyumbani. Alisema, "Hakuna neno, baba," kama watoto wetu wanavyofundishwa kusema. Lakini kesho yake alikwenda tena kusomea kwa rafiki yake, na kesho kutwa pia. Ilichukua siku nne mpaka tukamwona amerudi kukaa na vitabu vyake chumbani, na katika siku hizo nne hatukuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri.

Kasi ya kupakia tulirudishiwa kwa kubonyeza mara moja. Imani ya mtoto haikurudi kwa njia hiyo. Hilo ndilo lililotufanya tuandike safu hii, ndugu wasomaji, zaidi ya habari za antena na chaneli. Dini yetu imetukataza dhana mbaya, na sisi tuliidhani kuwa ni jambo la watu wa nje, la majirani na washindani sokoni. Tulisahau kwamba anayeweza kuumizwa nayo zaidi ni yule anayekula nasi sinia moja, kwa kuwa hana pa kukimbilia isipokuwa mtaa wa pili.

Sasa kazi ya kuhifadhi picha imepangwa ianze saa saba usiku, watu wakiwa wamelala, na masasisho ya programu vivyo hivyo. Kifurushi tumekirudisha kwenye megabiti 10, na kinatosha. Neno la siri la ruta analishika kijana. Ndiye anayelibadilisha na kutugawia, nasi tukienda kumwomba hutuuliza kwa adabu simu yetu ina nini cha kupandisha usiku huo. Ukutani, chini ya ruta, amebandika karatasi ya vipimo vitatu, na kila anayelalamika hupelekwa pale kwanza.

Binti yupo katika Suratul-Mulk. Juzi ustadhi alimsimamisha katikati ya aya, nasi sote moyo ukashtuka tukidhani ni mtandao. Haukuwa mtandao, bali madda aliifupisha mwenyewe, akarudia, akaivuta ikatosha.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah. Wabillahi tawfiiq.